Banda la Uani

Shangazi aliposema banda la uani libomolewe kabla ya harusi ya binti yake, hakuna aliyebisha. Bati lilikuwa limetoboka, na kwetu Magomeni nafasi ya kufunga turubai haiokotwi.

Fundi wa kwanza alipiga ukuta teke, akasema laki nane. Wa pili alikuja na futi na daftari, akasema milioni mbili na nusu. Wa tatu hakutaka hata senti. "Mama, mimi ndiye nitakupa laki na nusu. Niachie tu vilivyomo." Shangazi akaagiza soda.

Mimi nikamganda yule wa daftari. Banda ni mita 8 kwa 4, kwa hiyo kuta zinazunguka mita 24. Kimo mita 2.7, tofali za inchi sita: karibu mita za ujazo 10. Ongeza sakafu na msingi, zinafika 16. Ukishabomoa, hizo 16 zinavimba kuwa kama 24, maana vipande havirudi kulaliana kama vilivyokuwa ukutani. Hela haiko kwenye nyundo, iko kwenye lori. Bei yake ilibeba kuezua, kuvunja, kung'oa msingi, kufukia shimo la choo na kusomba kifusi. Akauliza pia kama umeme umeshakatwa na kama mtaa una habari. Nikampigia yule wa laki nane. Kifusi je? "Chako, bosi." Msingi? "Chini siendi." Shimo la choo hakuwa ameliona.

Basi kila mmoja alikuwa anabomoa banda lake. Nikaeleza hayo sebuleni, tena kwa mchoro. Shangazi akasema kuna watu wanapenda kulipa.

Wa tatu akaja na vijana na guta. Kufikia adhuhuri bati limeondoka, na kenchi, na milango. Kisha wakapasua lenta kufuata nondo. Alasiri alikabidhi elfu hamsini, nyingine kesho, na tangu hapo simu yake haipatikani. Kuta zikabaki wima bila kichwa, watoto wakapigwa marufuku uani, na zege la lenta likaziba njia ya bafuni.

Tukamrudia wa daftari. Sasa milioni mbili na laki tisa. Shangazi akaruka: kazi si imepungua? "Mama, nondo na bati nilikuwa nimekutolea kwenye bei. Sasa nitauza nini?"

Akakubali kushusha iwapo kifusi tutakiondoa wenyewe. Shangazi akaning'iniza boksi getini: KIFUSI BURE. Wenye viwanja vya bondeni wanakitafuta cha kujazia, na jioni hiyohiyo wawili wakasimamisha magari kuuliza. Asubuhi nilikuta BURE limekatwa kwa mkaa, na chini yake namba ya simu ya shangazi.