Nguo Iko Tayari, Bado Pasi

Kibao cha dobi wa mtaani kwetu, Magomeni, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: DRAI KLINA YA KISASA. Chini yake zimefuata suti, mapazia, mazulia na shela za maharusi, kwa herufi zinazozidi kubanana kadiri ubao ulivyokuwa ukimwishia mchoraji. Ndani kuna meza ya kupigia pasi iliyotandikwa blanketi kuukuu, kamba za kutundikia nguo, benchi ambalo halikosi watu, na mashine ya kufulia ambayo haijawahi kufua nguo ya mteja hata moja.

Mashine hiyo ilitoka Japani, mtumba wa daraja la kwanza, na siku iliposhushwa mtaa mzima ulikuja kuitazama. Umeme wa majumbani kule Japani ni volti 100. Wa kwetu ni 230. Dobi akaichomeka ukutani bila transfoma. Walioshuhudia wanasema iliguna, ikatetemeka, ikatoa moshi, ikanyamaza. Hakuitupa. Aliisogeza karibu na mlango, ambapo kila mteja mpya huiona na kuridhika. Nguo zinafuliwa uani, kwenye beseni, kwa sabuni ya mche. Mashine siku hizi anawekea mkaa.

Mkaa ni wa pasi, ile ya chuma yenye jogoo kwenye kifungio. Ya umeme anayo pia, ila umeme una tabia zake, na jogoo hakatiki. Ubaya wa jogoo ni cheche. Nguo za mtaa mzima zitakuwa zimerundikana pale, lakini cheche itaipita kaniki na kuangukia suruali ya harusi. Mteja akikuta kitundu, dobi haombi radhi. Anaiinua nguo kwenye mwanga, anachungulia upande wa pili, halafu anauliza kwa upole: "Bosi, hapa palikuwa na nini?" Ghafla wewe ndiye unayehojiwa.

Maji nayo yana mambo yake. Bomba likikauka anatumia ya kisima, na visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi. Sabuni haitoi povu upesi, inagandamana, na nguo nyeupe inaanza safari ya kuelekea kijivu. Dawa ya kijivu ni buluu. Dobi makini hutia kidogo tu, weupe ukang'aa. Wa kwetu hupima kwa macho, na macho yake jioni hayamsaidii sana. Kuna Idi moja safu nzima ya wazee ilisimama kuswali na kanzu za rangi ya mbingu. Mgeni angedhani ni sare ya kikundi cha kaswida. Mzee mmoja alipokwenda kulalamika, dobi aliishika ile kanzu, akaipapasa, akamtuliza: "Shehe, hii itakuwa imepauka vizuri kufikia Idi ya Mfungo Tatu."

Kwenye wanga simlaumu. Anapika uji wa muhogo, anachovya shati, na likikauka unaweza kulisimamisha mezani likakusubiri umalize kuoga. Walimu wakuu wanampenda kwa hilo.

Ila ukimletea suti, ndipo ule utaalamu wa kwenye kibao unapoamka. Drai klina ya kweli haitumii maji. Nguo huzungushwa ndani ya dawa inayoyeyusha mafuta. Inasimuliwa kwamba Mfaransa Jean-Baptiste Jolly aliigundua mjini Paris katika karne ya 19, baada ya mafuta ya taa kumwagikia kitambaa cha meza na madoa yakatoweka. Dobi wetu hajapata kumsikia Jolly, lakini wamefika mahali pamoja kwa njia tofauti: yeye anatumia petroli. Anachota kidogo kwa bodaboda wa kijiweni, analowesha kitambaa, anasugua kola, anaanika. Doa linatoka, tumpe haki yake. Harufu ndiyo haiondoki. Jirani yangu alikwenda kwenye sendofu ya mpwa wake akinuka kama kituo cha mafuta, mpaka mshereheshaji akaomba ile mishumaa ya keki ihamishiwe meza ya mbali.

Mimi nina koti la mtumba lenye lebo yake ndani. Ina duara lenye herufi P, maana yake linaweza kusafishwa kwa dawa iitwayo perikloroethilini, na pembetatu iliyokatwa kwa mistari miwili, maana yake lisitiwe jiki. Nilimwonyesha dobi. Akaisoma bila haraka.

"P ni paking," akasema.

"Na hii pembetatu?"

"Mbele kuna kona."

Benchi zima likacheka, na koti likaenda kwenye petroli. Baadaye nikasoma kwamba mwishoni mwa 2024 Marekani iliamua ile dawa ya herufi P iondolewe kwa hatua kwenye maduka ya drai klina ndani ya miaka 10, kwa sababu ya hatari ya saratani. Dobi wetu amewatangulia Wamarekani: hakuwahi kuianza.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini hawakumwona huyu bwana kwenye harusi. Nilimkuta ukumbini Jumamosi moja ndani ya kaunda suti yangu, ile niliyoambiwa tangu Jumatano kwamba iko tayari, bado pasi. Ilimkaa kuliko inavyonikaa mimi. Alinipungia mkono, tena kwa furaha. Jumatatu nilipomdai maelezo alisema, "Bosi, pasi inapimwa kwa kuvaliwa." Akanirudishia suti. Mfukoni mlikuwa na kadi ya mchango ya harusi nyingine.

Niliwahi kumkimbia. Nilipeleka nguo kwenye duka jipya la barabara kuu, wanakopima kwa kilo, wanakupa risiti, na ujumbe unakujia kwenye simu nguo zikiwa tayari. Zilirudi zote, safi, siku ileile waliyosema. Sina neno baya juu yao, isipokuwa kwamba hawakopeshi, na kwamba hakuna benchi. Kwa dobi unalipa mwisho wa mwezi, na ukingoja pasi unajua nani kahama, nani kaposa, na nani kaleta shuka ishirini za gesti asiyotaka ijulikane kuwa ni yake. Nikarudi.

Linalobaki ni suala la namba. Kila mteja ana yake, dobi anaiandika ndani ya kola au kiuno cha suruali kwa kalamu ya wino mzito, na huo ndio wino pekee ambao mikono yake haijawahi kuutoa. Mimi ni 6. Suruali kwa dobi hutundikwa kichwa chini, kwa hiyo mimi na mtu wa 9 tunavaliana nguo bila kufahamiana. Sasa ninayo suruali yake ya kijivu, ambayo kiuno chake kinanizunguka na kubaki. Ndugu namba 9, kama unasoma hapa, njoo uichukue. Mtu yeyote kwenye benchi atakuonyesha kwangu. Na ukija, niletee shati langu jeupe. Likiwa limekwisha kuwa la buluu, lilete hivyo hivyo.