Sifa za UPS Inayokataa Umeme

UPS ni kisanduku, aghalabu cheusi, kinachokaa chini ya meza kati ya soketi ya ukutani na kompyuta, na kazi yake inayofahamika ni kushika zamu umeme unapokatika. Ndani mna betri ya risasi na asidi ya volti 12, saketi ya kuichaji, na saketi nyingine ya kugeuza mkondo wa betri ufanane na ule wa ukutani. Hayo yote huandikwa kwenye boksi. Kisichoandikwa ni tabia yake ya pili, tukufu kuliko ya kwanza: UPS hukataa umeme ambao haujakatika. Taa zinawaka, feni inazunguka, jirani anapiga pasi, na yenyewe imehamia kwenye betri, inalia kila baada ya sekunde chache mpaka betri iishe na kompyuta izimike katikati ya chumba chenye umeme.

Watu wengi wameiita tabia hiyo ubovu. Wamekosea. Ni sifa, tena sifa isiyopatikana kwa vifaa vingi vilivyounganishwa kwenye mtandao wa umeme wa nchi: uteuzi.

Vifaa vingine havina staha. Pasi hula chochote. Ikipewa volti 160 badala ya 230 hutoa joto lisilofika nusu ya kawaida yake, kwa kuwa nguvu yake hupungua kwa mraba wa volti, lakini haisemi neno. Mpigaji pasi ndiye anayedhani shati ni gumu. Friji hali yake ni mbaya zaidi, maana mota yake ikikosa volti huvuta mkondo mkubwa kufidia, hupata moto, na huvumilia hivyo hivyo mpaka siku kompresa inapoungua. Mita ya LUKU, ambayo ingefaa kuwa shahidi, huhesabu uniti bila kuuliza zimefika zikiwa na hali gani. Na mteja mwenyewe amekwisha kulipa kwa simu na kuingiza tarakimu 20 za tokeni kabla hata bidhaa haijapita kwenye nguzo. Katika mlolongo mzima ni UPS peke yake inayofanya anachofanya mama yeyote pale soko la samaki la Feri, anayefunua shavu la samaki kabla ya kukubali bei. Ikiona damu imegeuka rangi, inarudisha samaki.

Ukaguzi wenyewe unastahili kuelezwa kwa heshima. Umeme wa Tanzania, kama wa nchi jirani, hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi moja huchukua milisekunde 20. Ndani ya muda huo UPS huangalia mambo matatu: volti, masafa, na umbo la wimbi, yaani kama mkunjo wake ni laini au una meno. Lolote likitoka nje ya mipaka, rilei hugonga na mzigo huhamia kwenye betri kwa milisekunde zipatazo 4 hadi 10. Kompyuta haijui kilichotokea, kwa sababu saketi yake ya umeme ina akiba ya kuihimili kwa takribani wimbi moja zima. Shauri limepokelewa, limesikilizwa, limeamuliwa na kutekelezwa kabla kope haijashuka. Hapakuitwa kikao, hapakuundwa kamati, na hakuna aliyesaini fomu ya posho.

Aina zake ni tatu. Ya kwanza hupitisha umeme ulivyo na kungoja balaa. Ya pili ina transfoma yenye ngazi, huongeza au kupunguza volti kwa asilimia 10 hadi 15 hivi kabla ya kukimbilia betri. Hii ndiyo iliyojaa maofisini. Ya tatu haipitishi kabisa umeme wa ukutani, huugeuza wote na kuutengeneza upya, na bei yake huwafanya wahasibu wakohoe.

Sifa nyingine za UPS zinatajika kwa haraka. Ni nzito, hivyo haiibiwi kirahisi. Hupasha miguu joto, huduma ambayo Dar es Salaam haijapata kuihitaji. Huwafundisha watumishi kuhifadhi faili mara kwa mara.

Wapinzani wake wana hoja moja wanayoipenda. Lebo ya adapta ya kompyuta nyingi husema inapokea volti 100 hadi 240. Maana yake ni kwamba zile volti 160 ambazo UPS imezikataa kwa kishindo, kompyuta ingezinywa bila shida, na mlinzi ndiye aliyemzimia mwajiri kompyuta kwa kumkinga na chakula anachokiweza. Hoja ni sahihi, na haijibiki. Inabaki kusema tu kwamba UPS hailindi kompyuta. Inalinda heshima ya 230. Lakini kwa nini iilinde saa kumi kasoro robo, siku ya mishahara, jedwali likiwa nusu? Na kwa nini kwa mlio ule, mlio wa kifaa kinachotaka jengo zima lijue? Kwa nini betri ile ile iliyouzwa kwa ahadi ya dakika 15 ifike dakika 4 na kukata roho?

Swali la mwisho lina jibu, na hapo ndipo uchunguzi wa tatizo huanzia. Betri ndogo ya saa-ampea 7 huhitaji saa nyingi, mara nyingi 6 hadi 8, kujaa tena ikikauka. UPS inayokataa umeme mara kumi kwa siku haipati nafasi hiyo, na betri ya risasi inayokaa nusu tupu huota chumvi kwenye mabamba yake na kupoteza uwezo. Joto nalo humaliza kazi: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake karibu nusu, na nyuma ya meza, karibu na ukuta wa magharibi, nyuzi 35 si jambo la ajabu.

Hatua inayofuata ni kupima umeme wenyewe. Fundi huja saa nne asubuhi, huchomeka mita, husoma 231, hutikisa kichwa na kutamka kwamba UPS ni mbovu. Umeme mdogo, hata hivyo, hauna ratiba ya fundi. Huja saa moja jioni mtaa mzima unapowasha majiko na televisheni, au wakati wowote mashine ya kusaga au ya kuchomelea inapoanza kazi kwenye transfoma hiyo hiyo. Kipimo chenye maana ni kile kinachochukuliwa wakati UPS inalia, kwenye soketi na kwenye mita ya LUKU. Kwenye mita kukiwa na 225 na kwenye soketi 190, kosa ni la nyaya za ndani. Kote kukiwa na 170, kosa liko nje, na nyumba iliyo nguzo ya mwisho huonja yaliyobaki baada ya wote walio mbele yake.

Lipo kosa moja ambalo halina mzaha. Waya wa nyutro ukilegea au ukikatika nguzoni, fezi tatu hugawana volti kwa kufuata mizigo, nyumba moja ikabaki na 150 na nyingine ikapanda kupita 300. Mwenye UPS inayokataa huku taa zikiwaka kwa ukali usio wa kawaida azime swichi kuu na kutoa taarifa. Hapo kisanduku kina haki kwa kila herufi.

Jenereta nalo hukataliwa. Jenereta dogo hupaswa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ili litoe hezi 50. Likibebeshwa mzigo hushuka, likipunguziwa hupaa, na UPS haikubali kiongozi anayeyumba. Fundi hulirekebisha lifike kama hezi 52 bila mzigo ili likae karibu na 50 likifanya kazi. Njia ya uhakika zaidi ni kununua jenereta lenye uwezo mara mbili au tatu ya UPS.

Yote yakishindikana, mwongozo hutoa tiba ya mwisho, ambayo kwa kweli ndiyo inayotangulia kutumika: punguza usikivu. Baadhi ya UPS zina kitufe au programu ya kupanua mipaka, ili kisichokubalika jana kikubalike leo. Wasio na kitufe hukata waya wa spika. Tiba hiyo haiongezi hata volti moja kwenye nguzo, ila ofisi hutulia, na utulivu ndio uliokuwa ukitafutwa.

Kwa anayetafuta volti zenyewe, kuna dirisha la taarifa la shirika la umeme. Mlalamikaji hupewa namba na kuambiwa mafundi watapita. Wakipita, ni saa nne asubuhi. Asiye na subira humwita kishoka, fundi asiye rasmi, ambaye kwa malipo yasiyo na risiti huuhamisha waya wa nyumba kutoka fezi iliyolemewa hadi fezi yenye nafuu. Jioni hiyo UPS ya nyumba ya tatu huanza kulia. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lililowasha mashine yake ya kwanza Februari 2024, lina mashine 9 zenye jumla ya megawati 2,115, na hotuba kuhusu megawati hizo hazijapungua. Waya mwembamba wa mita 800 kutoka transfoma ya mtaa haujawahi kukatiwa utepe na mtu yeyote.

Hata Ulaya, kiwango cha EN 50160 hudai wastani wa kila dakika 10 uwe ndani ya asilimia 10 ya volti 230 kwa asilimia 95 ya wiki. Wastani wa dakika 10 humeza mporomoko wa sekunde tatu bila kuacha alama, na asilimia 5 ya wiki ni saa 8 na dakika 24, siku nzima ya kazi. Walioandika kiwango hicho hawakuwa na UPS mezani, au walikwisha kuikata spika.

Ofisi yenye fedha huandika barua ya manunuzi. Sifa inayotakiwa kwenye zabuni ni mipaka mipana, volti 140 hadi 300, na muuzaji huisifia mashine kwa kusema haisumbui. Ile inayosumbua hupelekwa stoo kungoja kufutwa kwenye daftari la mali, jambo linalohitaji saini ya ofisa ambaye yuko safarini.