Mchimbie Mama Shimo: Mwongozo wa Zawadi za Krismasi Kesses

Desemba ikifika, matatu za kutoka Eldoret kuja Cheptiret na Kesses hujaa watu waliopakata maboksi. Ndani mna biskuti, vikombe sita vya maua na saa ya ukutani. Mwaka mpya ukiingia, biskuti zimeisha, vikombe vimefungiwa kabatini kungoja wageni, na shule inadai karo. Zipo zawadi bora zaidi, tena hazina risiti. Fuata hatua hizi.

1. Chimba shimo. Najua, anayekuchimbia shimo huwa hakutakii mema. Wewe mchimbie mama mchana kweupe, akikuona. Liwe futi mbili kwenda chini na futi mbili upana. Udongo wa juu uweke kando, uuchanganye na samadi iliyooza, kisha uurudishe. Usipande kitu bado: jua la Desemba huku Uasin Gishu litautesa mche. Mvua zikianza, Machi au Aprili, rudi na mparachichi uliopandikizwa. Ukitunzwa vizuri, utaanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Mama atakuwa amepata mti, na pia sababu ya kukuita nyumbani kila msimu.

2. Toa mgongo wako. Huu ni wakati wa mahindi. Bodi ya Nafaka inataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na mahindi yakiwekwa ghalani kabla hayajakauka huota kuvu na kuleta sumu. Mzee hawezi kuanika na kuanua magunia ya kilo 90 peke yake kila wingu linapotanda. Chukua karatasi ya daftari, andika: "Baba, wiki hii mimi ni wako, tangu umande ukauke hadi jua lizame." Tia sahihi, mkabidhi kwa mikono miwili, kisha uvae gambuti kabla hajamaliza kusoma.

3. Andaa mursik, maziwa ya kugandisha kibuyuni. Hii haitaki haraka. Kibuyu kisafishwe, kipakwe mkaa wa mti wa senetwet kwa ndani, maziwa yachemshwe na yapoe ndipo yamiminwe, kisha yaachwe siku kadhaa yagande. Kama hujui, mwombe kogo, yaani nyanya yako, akufundishe. Kuombwa ujuzi wake ni zawadi kwake pia. Wanariadha wetu wakirudi na medali hulakiwa kwa kibuyu hiki kwenye uwanja wa ndege wa Eldoret. Jirani mjane aliyesomesha watoto peke yake naye amemaliza mbio ndefu. Mpelekee chake, na ukae mnywe pamoja.

4. Washa simu, ufunge mdomo. Hatua hii ni ya vijana, hasa ninyi wa Chuo Kikuu cha Moi mnaojua kutumia kila kitufe. Keti na babu au kogo, bonyeza kurekodi, uliza. Ukoo ulifikaje kwenye ardhi hii walowezi walipoondoka? Mpaka wa shamba uliwekwa wapi, na nani alishuhudia? Nani alipanda ule mti wa langoni? Usimkatize, hata akirudia hadithi mara tatu. Mara ya tatu ndipo jina lililosahaulika hutokea. Watumie ndugu wote nakala. Ugomvi mwingi wa mashamba huzuka kwa sababu aliyejua alizikwa kabla hajaulizwa.

5. Funga vizuri. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo tumia kikapu. Kina faida nyingine: kwa desturi, kikapu hakirudishwi kitupu. Utapeleka mayai, utarudi na maboga, na ujirani utaendelea.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sisemi maduka yafungwe. Mtoto akihitaji viatu, mnunulie viatu. Nasema tu kwamba wazazi wetu wanaokaa mwaka mzima wakitazama barabara hawakungoja vikombe. Walikungoja wewe, na mikono yako, na masikio yako. Na zile pesa ambazo hukuzitumia dukani, zihesabu leo na uziweke: Januari zilipe karo ya mtoto wa nyumba hiyohiyo uliyokwenda kuisalimu.