Dola Ipi, Mheshimiwa?

Msambweni,
Kaunti ya Kwale,
Kenya.

Kwa Mkurugenzi wa Bei,
Duka la Mtandaoni (jina nalihifadhi, aibu ya mtu haitangazwi),
Hewani.

MINT: BEI YA ENEO LANGU

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Pwani ya Kusini, ng'ambo ya feri ya Likoni. Kazi yangu ni kupeleka wageni kwa mashua kutoka Shimoni hadi hifadhi ya Kisite, wakatazame matumbawe na pomboo. Lakini mgeni wa siku hizi hatosheki na kuona. Ataka naye aonekane akiona. Basi nikanunua kamera ya kuingia majini, na mpwa wangu akaniambia nitahitaji programu ya kuunganisha video. Ndipo nikabisha hodi dukani kwako.

Nilipokewa vizuri mno. Kabla sijasema natoka wapi, duka lilikwishajua. Bendera ya Kenya ilipanda juu ya ukurasa, ngao na mikuki yake, na chini yake maneno ya kunituliza moyo: “Bei ya eneo lako.” Nikajiweka sawa kitini. Kisha nikaiona bei yenyewe: $20 kwa mwezi.

Mheshimiwa, mimi nimezaliwa katika eneo hili. Pesa yake naijua usiku na mchana. Noti zake zina picha ya jumba la KICC, na popote nilipozitazama sijaona S iliyochomwa mshikaki. Lakini nani mimi hata nibishane na bendera ya nchi yangu? Nikashuka hadi mwisho wa ukurasa, nikaona ofisi yako iko Australia. Nikasema, ahaa, hii ni dola ya kwao, ile ya kama shilingi 85. Mara ishirini, 1,700. Nikabonyeza.

Simu ikalia: shilingi 2,993.

Kumbe dola ilikuwa ya Marekani, shilingi 129 kwa kila moja, na juu yake VAT ya asilimia 16. Nikapiga ukelele, “Dola imenimaliza!” Mke wangu akauliza kutoka jikoni, “Ipi?” Swali la haki. Kwetu neno dola ni pesa ya Mmarekani, na dola pia ni serikali. Nilipoitazama risiti nikakuta zote mbili zimekaa, kila moja na fungu lake. Ya serikali angalau ilijitaja jina.

Usidhani nimeudhika kwa ushamba. Sisi watu wa pwani tumezoeana na dola tangu zama za babu zetu, walioshika riale ya Maria Theresa, ile iliyoandikwa mwaka 1780 hata ilipotengenezwa karne moja baadaye. Iliitwa thaler, na humo ndimo lilimozaliwa neno dola. Mimi mwenyewe niliwahi kupewa bakshishi ya dola 20 na mgeni mmoja mpole. Nikaenda nayo Ukunda kubadilisha, kifua mbele. Yule kijana wa dirishani akaigeuza mara mbili, akanionyesha picha ya Malkia Elizabeth, akasema, “Mzee, hii ni ya Kanada.” Tangu siku hiyo, mtu akinitajia dola namuuliza ya wapi. Dunia ina sarafu zaidi ya 20 zinazoitwa dola: za Singapore, Hong Kong, Jamaika, Liberia, hata Namibia. Kisha kuna Meksiko, Chile na Kolombia, ambao hata dola hawana, wana peso, na bado wanaichoma S mshikaki uleule. Peso za Kolombia elfu kadhaa ndizo dola moja ya Marekani. Sasa mtu aandike $20, anyamaze, atarajie nimsome moyo?

Njoo siku moja Lunga Lunga, mpakani na Tanzania, nikupeleke shule. Shilingi yetu na yao zina jina moja, na karibu 20 za kwao ndizo moja ya kwetu. Muuza machungwa akikwambia “mia mbili”, hata mtoto aliyetumwa atauliza, “Za Kenya au za madafu?” Na muuzaji atajibu kabla hajalifunga furushi. Hana ofisi Australia, hana bendera, ana ndoo na mwavuli. Lakini pesa anayoitaka anaitaja jina.

Wala usiniambie kwamba jambo hili ni gumu. Kuanzia 2014 hadi uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024, mchanga wa madini ya titani wa Kwale ulipakiwa melini pale Likoni. Mchanga wa kwetu, kampuni mama ya Australia, soko la dola za Marekani, na meli ikang'oa nanga bila mtu kuchanganya hesabu. Kumbe anapolipwa mkubwa, dola hutajwa kwa jina na ubini.

Nilikuandikia kuuliza. Jibu lilikuja upesi, nakushukuru: mwatumia dola ili kunikinga na kupanda na kushuka kwa shilingi. Mheshimiwa, mimi ni mtu wa mashua. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160. Kabla mwaka haujafika kati ilikuwa imeteremka hadi karibu 130. Mwenye kulipa $20 kila mwezi alipanda na wimbi hilo akashuka nalo. Ninyi mlikuwa nchi kavu mkinipungia mkono, na mkono huo ndio mnaouita kinga.

Nikajaribu kupatana nawe, maana kwetu bei ni maelewano. Mashine yako ikanitaka kwanza nithibitishe kuwa mimi ni binadamu, kwa kuchagua picha zenye taa za barabarani. Nimepatana bei na Wajerumani, na Waitaliano, na wachuuzi wa soko la Kongowea saa kumi na moja alfajiri. Hakuna aliyewahi kuutilia shaka utu wangu.

Basi nikamwita mpwa wangu, anayejua mambo ya michezo ya kompyuta. Akacheka. Akanieleza kwamba Novemba 2023 duka la michezo la Steam liliacha kutoza kwa lira nchini Uturuki na kwa peso nchini Argentina, likaweka dola ya Marekani yenye bei za kanda. Alama ileile, dola ileile, bei mbalimbali kwa kadiri ya mahali ulipo. Kisha akaigeuza simu yangu ikajifanya iko Istanbul. Duka lako likashusha bendera ya Kenya bila taratibu za mazishi, likapandisha ile ya mwezi na nyota, na bei ikawa $9. Nikamwambia airudishe nyumbani mara moja. Sitaki kusema uongo kwa sababu ya video za pomboo. Lakini macho yalikwishaona.

Na hapa ndipo panaponiwasha, kwa sababu bei ya eneo ni elimu yetu. Ukitembea pwani ya Diani, muuza leso atakutazama viatu, ngozi na saa ya mkononi, kisha atataja bei. Mgeni ataambiwa elfu mbili, jirani wa Ukunda mia tano. Hata Kisite kwenyewe, mgeni hulipa kiingilio kwa dola na mwananchi kwa shilingi, na bei zimeandikwa waziwazi. Hatuoni haya. Lakini bei ya eneo, kwa tafsiri ya Diani, ni ile inayompunguzia mwenye eneo. Ya kwako ilimtazama mtu wa Msambweni, ikamkuta amekaa barazani kwake na kikombe cha kahawa, ikampa bei ya mtalii.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Dukani kwako mgeni ni mimi, na aliyepona ni wewe. Sasa nawaelewa wageni wangu wanaposhuka Ukunda wakikumbatia mikoba. Nimekuwa mzungu, Mheshimiwa, na hata sikupakwa mafuta ya jua.

Ombi langu ni dogo. Dunia ya mabenki imekwishakubaliana juu ya herufi tatu tatu: USD, AUD, KES. Chagua moja uiweke mbele ya nambari, kabla sijabonyeza. Ukitaka kupandisha bendera ya Kenya, pandisha na shilingi yake. Ukiitaka dola, iache bendera yetu ipumzike. Na ukishindwa kunipunguzia kama Istanbul, niambie sababu kwa mdomo wa mtu. Wenzetu ng'ambo ya mpaka wa Horohoro hawakungoja kuombwa: Machi 2025 serikali ya Tanzania ilikataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Sisi Kwale bado tuna subira, na vyumba vya Diani bado vyatangazwa kwa dola. Usiipime subira hiyo kwa mizani ya kwako.

Mwisho, ushauri huu si wa bure. Nimetumia karatasi, muda, na mpwa. Ada yake ni shilingi 5,000. Najua utataka kujua ni shilingi ya Kenya, ya Tanzania, ya Uganda au ya Somalia.

Lipa kwanza. Risiti itakueleza.

Wako mwaminifu,
Mteja wa Eneo