Sifa za Mtunza Balaa

Wengine waisifu C++ kwa kasi yake. Mimi namsifu mtumishi ambaye hata waliomwajiri hawamtaji: std::exception_ptr, aliyeingia rasmi katika lugha hiyo mwaka 2011, na ambaye tangu hapo ana kazi moja tu, kuwawekea wengine balaa zao.

Fikiria hitilafu imetupwa ndani ya std::thread na haikudakwa humo humo. Lugha haina subira: std::terminate huitwa, programu nzima inakufa, pamoja na nyuzi nyingine zilizokuwa zikichapa kazi bila hatia. Hapo ndipo upole wa bwana huyu unapoonekana. Ndani ya catch (...), mahali ambapo mwandishi mwenyewe hajui amedaka nini, unaita std::current_exception(), naye anapokea mzigo bila kuuliza jina wala ukoo. Balaa analitunza kama kinyongo: halichakai, halipungui, hata uzi uliolizaa ukishamaliza siku zake. Kisha uzi mkuu ukiwa tayari, std::rethrow_exception inalirusha upya.

Tena hurudi na sura yake ileile. Hilo si dogo. Jaribu kumdaka mtoto wa std::exception kwa rejeo la mzazi liitwalo e, kisha uandike throw e badala ya throw tupu. Kitakachoruka ni mzazi peke yake. Ujumbe uliosema, tuseme, faili halikufunguka umekatwa, na kwenye GCC what() inakujibu "std::exception", basi. Mtunzaji wetu hana ukatili huo.

Na kutunza siri anajua! Mwachie hitilafu ndani ya std::future, usiite get() kamwe, naye atakwenda nayo kaburini bila kumsumbua mtu. Kazi imeharibika, kumbukumbu za mfumo ni safi, mkubwa wa idara amelala usingizi mnono. Ofisi ngapi zingelipa pesa nzuri kupata karani wa namna hiyo?

Wenye chuki watasema ana kasoro. Eti baadhi ya kompaila hunakili hitilafu kabla ya kuihifadhi, na kumbukumbu ya mashine ikiwa haitoshi nakala hiyo, unakabidhiwa std::bad_alloc. Sasa hilo nalo ni la kulaumu? Umempa balaa lililomshinda kubeba, na bado amekutafutia jingine ili usiondoke mikono mitupu.