Mwongozo wa Mwombaji Kazi Asiyejua Kwao ni Wapi

Kwanza, jiandae kwa swali ambalo halimo kwenye tangazo. Tangazo litataka shahada, uzoefu wa miaka mitano na ujuzi wa kompyuta. Ukishaketi mbele ya jopo jijini Nairobi, mzee mmoja atafunga faili lako, atabasamu, akuulize: "Na nyumbani ni wapi?" Usijibu mtaa wako wa Buruburu, hata kama ulizaliwa na kukulia hapo. Atarudia kwa upole: "Hapana, nyumbani kabisa." Anataka mlima, ziwa au bonde. Ukipataja panapofaa, atakuuliza kama mvua imenyesha huko. Ukipataja pasipofaa, utaambiwa utapigiwa simu.

Wala usiilaumu sheria, maana Kenya haina uhaba wa sheria. Ile ya Ajira ya 2007 inamkataza mwajiri kubagua kwa jinsia, kabila, ujauzito, hata hali ya ndoa. Ile ya Utangamano ya 2008 hairuhusu taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Ndiyo maana fomu ya serikali inakuuliza kabila lako: ili ithibitike kwamba kabila halikuangaliwa.

Nairobi ikikushinda, usikimbilie kaunti kwa pupa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya chini ziende kwa wasio wa jamii kubwa ya mahali hapo. Tume ya Utangamano ilipokagua mwaka 2016, ilikuta kaunti 32 kati ya 47 zimeajiri zaidi ya asilimia 70 ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Tusimwonee gavana. Mahali pasipo na kiwanda, mshahara wa kaunti ndio mshahara wa kutegemewa, na waliompigia kura wanamkumbusha katika kila mazishi kwamba watoto wetu wako tu nyumbani na vyeti vyao. Ugatuzi uliahidi kuleta huduma karibu na mwananchi; binamu alikuwa karibu zaidi.

Ikiwa wewe ni mwanamke, mambo yako ni marefu kidogo. Chini ya tangazo imeandikwa kwamba wanawake wanahimizwa kutuma maombi. Basi umehimizwa. Jopo litauliza kama umeolewa, una watoto wangapi, na huyo mdogo ana miezi mingapi. Mwanamume aliyekutangulia ana watoto watano, kwa hiyo ni mtu wa majukumu na anahitaji kazi. Wewe una mmoja, kwa hiyo ni mtu wa majukumu na huna nafasi. Nyuma ya swali kuna hesabu ya fedha: likizo ya uzazi ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, na mshahara huo unatoka mfukoni mwa mwajiri, si katika hazina ya pamoja. Baba ana wiki mbili, ambazo hazijamnyima mtu usingizi.

Usitafute mfano mwema huko juu. Katiba ya 2010 ilitaka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Bunge likasuasua kutunga sheria ya kulitekeleza hilo hadi Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga alipomshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa.

Ukiamua kuvuka bahari, wakala wa kazi za nchi za Ghuba angalau hapotezi muda wa mtu: wasichana kazi za nyumbani, wanaume ulinzi na udereva. Hakuulizi nyumbani kabisa ni wapi.

Ukichoka kusaga soli, ipo njia ya uhakika ya kuacha kuwa mtu asiye na ajira, na haihitaji barua wala mjomba. Kwa kipimo kikali cha takwimu, asiye na ajira ni yule asiye na kazi, aliye tayari kuifanya, na aliyeitafuta katika wiki nne zilizopita. Acha kutafuta. Karani akija na maswali yake, mwambie hukutafuta, ulikuwa ukichota maji, ukipika na kumuuguza mama mkwe. Wanawake wana kipaji cha pekee katika njia hii, kwani utafiti wa matumizi ya muda wa 2021 uliwakuta wakitumia karibu mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na za utunzaji zisizolipwa. Karani atakuandika nje ya nguvukazi, atakushukuru kwa chai, na kiwango cha ukosefu wa ajira kitashuka kidogo kwa msaada wako.