Ihsani ya Jeshi

Mwaka 1940 Jeshi la Marekani, likiharakia vita ambavyo lilikuwa halijaviingia, liliziandikia kampuni 135 kutaka gari jepesi lisilozidi ratili 1,300, sharti ambalo hatimaye hakuna aliyelitimiza. Na Bantam ya Butler, Pennsylvania, iliyokuwa taabani kwa ufukara, ikalifikisha la kwanza kwenye kambi ya jeshi ya Holabird siku ya 49 ya muhula wa siku 49, imesalia nusu saa. Wakuu wakalistahi mno, hata ramani zake wakawakabidhi Willys na Ford, matajiri wenye viwanda vipana, ili nao, maskini, wasikose kunufaika na elimu. Zabuni kubwa zikaenda huko. Bantam, kwa insafu isiyo kifani, ikaachiwa kuunda matela ya kukokotwa na magari hayo.